Paka mzee kakataa kula: angalia kwanza kama hataki au hawezi

Dada, pole. Umesema paka wako ana miaka 14, tangu juzi asubuhi anasogea kwenye sahani, ananusa, analamba midomo, halafu anageuka kwenda kulala chini ya kabati. Na nyumbani wanakwambia umwache, njaa ikimkaba atakula mwenyewe.

Usimwache. Kwa mbwa ushauri huo pengine ungepita, kwa paka ni hatari. Paka asipokula, mwili wake unavuta akiba ya mafuta na kuipeleka kwenye ini, na ini la paka halimudu mzigo huo. Linajaa mafuta, linashindwa kazi, na likishafika hapo paka anazidi kusikia kichefuchefu, kwa hiyo anazidi kukataa chakula. Siku mbili tatu zinatosha kuanzisha balaa hilo, na paka mnene ndiye anayewahi zaidi. Ukiona umanjano ndani ya masikio, kwenye fizi au kwenye weupe wa jicho, hapo hakuna cha kusubiri kesho. Mimi kwa paka mzee, siku moja nzima ikipita hajatia kitu mdomoni nampigia daktari, na ya pili haiishi kabla hajaonwa. Wewe ushafika hapo.

Ila kabla hujatoka, mtazame vizuri, maana utaulizwa. Hataki chakula, au anakitaka ila hawezi kula?

Wetu aliitwa Madoa, kazeekea kwa mama pale Chumbageni, Tanga, kwa dagaa na vichwa vya vibua. Alipoanza kususa kila mtu alisema anadeka, anataka kuku. Nikakaa naye jikoni. Aliposikia sufuria inafunuliwa alikuja mbio, akachukua kipande cha samaki, akainamisha kichwa upande wa kulia, akatafuna kidogo, kikamdondoka. Akajikwangua shavu kwa mguu wa mbele kana kwamba kuna kitu kimenasa, kisha akabaki anakitazama kile kipande, uzi wa mate unaning'inia kidevuni. Sasa huyo anadeka nini? Njaa anayo, mdomo ndio unamkatalia.

Nikampakata dirishani penye mwanga, nikanyanyua pindo la mdomo wa juu kwa kidole gumba. Huna haja ya kumpanua kinywa, nyanyua pembeni tu. Gego la juu la kushoto lilikuwa limefunikwa ugaga wa kahawia, na fizi juu yake imevimba, nyekundu. Harufu usiseme. Paka wengi wazee wanaishi hivyo kimyakimya. Kuna na ugonjwa mwingine ambapo jino lenyewe linaliwa polepole usawa wa fizi; kwa nje unaona kidoa chekundu tu, kumbe maumivu yake makali.

Wako, kwa ulivyomweleza, anaelekea upande mwingine. Anayenusa, akalamba midomo, akameza mate na kurudi nyuma, mara nyingi ana kichefuchefu, na kwa umri huo mtuhumiwa wa kwanza ni figo. Kumbuka miezi ya karibuni: anakunywa maji kuliko zamani? Unamkuta bafuni kwenye ndoo? Anakojoa madimbwi? Kakonda mpaka uti wa mgongo unahesabika? Figo zikichoka, taka zinazobaki kwenye damu zinamchafua roho, na wakati mwingine zinamtoa vidonda mdomoni. Angalia pia kama anapata choo. Paka mzee akifunga choo anasusa chakula vilevile. Na kama ana mafua pua imeziba, hasikii harufu, na asiposikia harufu hali hata umwekee jodari. Kongosho, kisukari na uvimbe wa tumboni hutaviona kwa macho, hivyo ni kazi ya vipimo.

Madaktari wengi wa mifugo huku kwetu wamezoea ng'ombe na mbuzi, kwa hiyo piga simu kwanza: anatibu paka? Anaweza kuchukua damu apime figo na ini? Aliye karibu na Morogoro ana hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine), na wa Nairobi wana kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete. Mbebe kwenye kapu la ukili umfunike na khanga, giza linamtuliza. Njiani pitia kwa mwenye mizani ya kutundika: pima kapu na paka, kisha kapu tupu, toa. Paka wa kilo 4 akipungua nusu kilo ni kama mtu wa kilo 64 kupungua kilo 8, na huwezi kuliona hilo chini ya manyoya.

Daktari wa Madoa alikataa kumpa nusu kaputi ya kung'olea jino kabla ya kupima damu, na hapo ndipo tulipojua kumbe figo nazo zimeanza kuchoka. Akamwekea maji ya dripu chini ya ngozi ya mgongo (panatokea nundu, inanywea yenyewe baada ya saa kadhaa), akampa dawa ya kichefuchefu, na hali ilipotulia gego likang'olewa. Kuna pia dawa ya kuamsha hamu ya kula, mirtazapini. Utaikuta famasi kwa sababu ni dawa ya watu, lakini kipimo cha paka ni kidogo sana na mwenye figo mbovu hupunguziwa zaidi, hivyo usikubali muuzaji akukadirie.

Na hili naliandika kwa herufi kubwa: USIMPE PANADOL. Mwili wa paka hauwezi kuivunja paracetamol. Damu yake inageuka kahawia, haibebi tena hewa. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Diklofenaki na ibuprofeni nazo ziache kabatini, zinamaliza figo.

Chakula cha nyumbani: samaki au kuku wa kuchemsha, aliyetolewa miba au mifupa yote, apondwe na supu yake bila chumvi. Kiwe vuguvugu, joto la mwili, yaani kama digrii 38, kwa sababu uvuguvugu ndio unaotoa harufu. Mama alitaka kumpa mchuzi wa jana “umfungue roho”, tukabishana kweli, maana kitunguu maji na kitunguu saumu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Maziwa ya ng'ombe wengi yanawaharisha. Weka kijiko cha chai kimoja kwenye sahani bapa, mbali na paka wengine, na baada ya nusu saa kitoe. Usimfuate na sahani chumba hadi chumba. Paka mwenye kichefuchefu anakishika chakula kile kuwa ndicho kinachomuumiza, na hata akipona anaendelea kukichukia. Kwa sababu hiyohiyo usifiche dawa ndani yake.

Kulisha kwa bomba la sindano (bila sindano, bila shaka) usianze mwenyewe kama anatapika au amelegea, chakula kinaweza kuingia mapafuni. Daktari akiruhusu, ingiza pembeni ya mdomo, kidogo kidogo, kichwa kikae sawa, usimwinue pua juu.

Madoa alianza kula tena, akaishi nasi muda mrefu kwa chakula laini na dripu za mara kwa mara. Si kila mmoja anarudi hivyo. Figo zikiwa zimekwisha kabisa daktari atakwambia, na hapo muulize waziwazi kuhusu maumivu na kama ni vizuri kumlaza moja kwa moja, yaani afe bila mateso.

Ukishatoka huko tuandikie majibu ya damu, hasa kreatinini na yurea (taka za damu zinazoonyesha hali ya figo), pamoja na uzito wake. Kama ni figo, nitakueleza tulivyokuwa tukimpangia Madoa chakula.