Vipuri vya kuanzia redio za masafa mafupi: aina chache, kila aina nyingi

Mkuu, umeuliza kama boksi la "vipuri mchanganyiko 1,000" litatosha kuanza kuunda redio za MHz 7. Halitoshi. Litakuletea vya kila namna vitano vitano, na unachokihitaji kitaisha kwenye saketi ya kwanza.

Rizista chukua za robo wati: ohm 100, 220, 470, halafu 1k (k ni elfu, yaani ohm 1,000), 2.2k, 4.7k, 10k, 47k na 100k, 50 kila aina. Za 1k ziwe 100. Ukifunga 20 sambamba unapata mzigo bandia wa ohm 50 unaohimili wati 5, wa kufunga mahali pa antena unapojaribu transmita (kurusha hewani kunahitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya). Zile nyeupe za saruji acha, nyingi ndani yake ni waya uliozungushwa, yaani koili, na kwenye mawimbi ya redio hazibaki ohm zilizoandikwa.

Kapasita ndizo zinazoliza watu. Seramiki za kawaida zenye namba 104 na 103 ni za kusafishia laini ya umeme, weka 100 kila moja. Ukizitumia kwenye osileta (saketi inayozalisha mawimbi), stesheni itahama kadiri joto linavyopanda. Pale weka NP0, seramiki isiyoyumbishwa na joto, ambayo pia huandikwa C0G: pF (pikofaradi) 22, 47, 100 na 220, 20 kila aina. Zile za kisahani mara nyingi zina doa jeusi kichwani.

Transista: 2N3904 hamsini, J310 na BS170 kumi kumi. BC547 inaziba nafasi nyingi za 2N3904, ila angalia miguu. Upande bapa ukikutazama, miguu chini, kutoka kushoto 2N3904 ni E-B-C (emita, besi, kolekta), BC547 ni C-B-E. Ukisahau kuigeuza utalaumu lehemu bure.

Sasa koili, na hapa ndipo pa kuweka pesa. Ringi za kusukia koili: T50-2 (nyekundu, ya unga wa chuma) kumi na FT37-43 (ya feraiti) kumi. Agiza mapema, usitegemee kuzikuta kwenye maduka ya Kariakoo (Dar) au Luthuli (Nairobi). Ringi ya njano na nyeupe uliyoichomoa kwenye pawasaplai ya kompyuta usiitumie kwenye tyuning: inanyonya mawimbi, koili inakuwa butu, haichagui stesheni vizuri. Waya wa shaba wa mm 0.4 omba kwa fundi anayesuka mota.

Kwa T50-2, idadi ya mizunguko ukiipiga kwa yenyewe, mara 49, gawanya kwa 10,000, unapata µH (maikrohenri, kipimo cha koili). Mizunguko 20 ni µH 1.96, waya kama sm 40. Ukiweka pF 220 na trima (kapasita ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi) ya pF 60 sambamba na koili hiyo, unaipata MHz 7.1 trima ikiwa katikati hivi. Kila waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja, hata ule wa kwanza ulionyooka. Kwangua varnishi ncha zote mbili mpaka shaba ing'ae, kisha pima kwa multimita kabla ya kuchomelea.

Redio mbovu ya AM usiitupe: variabo (kapasita ya kuzungusha ya kutafutia stesheni), fimbo ya feraiti na koili za kHz 455 zinafaa. Kapasita zake za elektrolitiki tupa, nunua mpya.