Kitanda cha Mtumbwi Huanza kwa Kuwa Kitanda

Mama mmoja wa Jinja ameniandikia akiuliza kama mtu ambaye hajawahi kushika msumeno anaweza kumtengenezea mwanawe kitanda chenye umbo la gari, peke yake, bila fundi wala msaidizi. Jibu langu ni kwamba anaweza, na ushahidi ninao ndani ya nyumba, kwa sababu hapa Entebbe mwanangu analala kwenye kitanda chenye umbo la mtumbwi wa Ssese, vile visiwa vya Ziwa Victoria, nilichokitengeneza mimi mama yake, ambaye kazi yangu ni uhasibu. Najua pia kwamba wengi mnaosoma haya mmeshakichora kitanda cha namna hiyo vichwani mwenu, na kinachowazuia ni kauli za watu tu.

Mimi sikuanza kwa kupenda. Nilimpa fundi seremala malipo ya kwanza na mchoro wangu, naye akanizungusha mpaka mbao nilizolipia zikageuka kabati la mteja mwingine. Nilipodai fedha yangu aliniambia mbele ya wanafunzi wake kwamba kitanda cha umbo lile hakijengeki, na kwamba ningekuwa na akili kama ningenunua cha chuma kama wenzangu. Fedha alinirudishia kidogo kidogo, lakini maneno yale bado ninayo. Nakiri kwamba sehemu kubwa ya ujasiri wangu ilikuwa hasira, wala sioni aibu kusema hivyo, ingawa hasira haisaidii kukata ubao kwa mstari ulionyooka.

Mwanangu alitaka mtumbwi kwa sababu anapenda kutazama vyombo vya majini pale gatini Nakiwogo, na hasa alitaka mtumbwi wa zamani, wa aina ile ambayo mvumbuzi Stanley aliikuta kwa Muteesa wa Kwanza, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, mwaka 1875. Mitumbwi ile ilishonwa ubao kwa ubao kwa nyuzi za mimea, na mkuku wake, yaani gogo la chini linalobeba chombo, ulitokeza mbele ya omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ukiwa na pambo la pembe za mnyama. Anayeanza kazi hii huanza na hizo pembe, kwa kuwa ndizo mtoto anazozitaja kila siku na ndizo zitakazopigwa picha. Mimi nilianza na godoro. Nililinunua kwanza, la futi 3 kwa 6, nikalipima mwenyewe kwa futi ya utepe badala ya kuamini kibandiko, kisha nikajenga kitanda cha kawaida kabisa chenye matendegu (miguu), mifumbati (mbao za ubavuni), vitakizo (mbao za kichwani na miguuni) na chaga (mbao za kubeba godoro), ambacho mtu mzima angeweza kulalia usiku uleule. Mtumbwi ulikuja baadaye kama ngozi ya kukivika kitanda, na hakuna hata ubao mmoja wa umbo lile unaobeba uzito wa mtoto. Kama utakumbuka jambo moja katika haya yote, likumbuke hili: kitanda kwanza, sura baadaye.

Mbao nilizinunua Ndeeba, kwenye soko la mbao la Kampala. Mvule unaheshimika na mchwa hauupendi, lakini ni mzito na bei yake si ya mtu anayejifunza, na mkaratusi mbichi hujipinda na kupasuka ukishafika nyumbani, kwa hiyo nilichukua msonobari, yaani paini, nikikagua kila ubao kwa kuutazama kwa jicho moja kutoka ncha moja hadi nyingine. Wauzaji watakuambia kwamba mbao zao ni kavu. Usibishane nao; zipange nyumbani penye kivuli na hewa, ukiweka vijiti kati ya ubao na ubao, kisha upime ubao mmoja kwenye mizani kila wiki mpaka uzito wake uache kushuka. Ubao hunywea zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na ndiyo maana kitanda kilichoungwa kwa mbao mbichi huachia viungo vyake msimu wa kiangazi ukifika. Subira hiyo ndiyo iliyonishinda kuliko kazi yote, lakini sitawachosha nayo, wala sitaeleza habari za msasa.

Utamu wa kazi ulikuwa kwenye omo. Karatasi ya plaiwudi ina futi 8 kwa 4. Godoro lilikula futi 6 za urefu, na futi 2 zilizobaki hazitoshi kukunjwa zikakutana mbele bila kuvunjika. Nilichofanya ni kukata vipande vya omo kwa kufuata upana wa karatasi, ili nyuzi za uso wa plaiwudi zisimame wima, kwa sababu plaiwudi ya milimita 6 hukunjika kwa urahisi zaidi nyuzi zikisimama hivyo kuliko zikilala kufuata mkunjo. Kiungo cha vipande hivyo na ubavu nilikiweka juu ya taruma, yaani ubao wa ndani unaoshikilia umbo, mahali ambapo skrubu zilikuwa na kitu cha kushika. Kwa kuwa sikuwa na mtu wa kunishikia, nilizungusha kamba kuuzunguka mtumbwi wote, nikapitisha kijiti katikati na kuisokota mpaka mbao zikaitika, gundi ikakauka kamba ikiwa imekaza. Kila skrubu ilitanguliwa na tundu jembamba lililotobolewa kwa keekee, la sivyo paini hupasuka karibu na ncha.

Shemeji yangu alipokiona kabla ya rangi alicheka, akauliza ni nani aliyefariki, kwa kuwa kwake kilifanana na jeneza. Sikumjibu, lakini sikumkaribisha chai. Ndugu zangu, mtu asiyewahi kuunganisha hata kigoda hana mamlaka ya kuhukumu kazi ambayo haijakamilika, na ninyi mnaoficha michoro yenu kwa kuogopa kicheko cha ukumbini mnawanyima watoto wenu vitanda kwa ajili ya watu ambao hawatavilalia. Fundi yule, kwa taarifa yenu, amemtuma mtu kuniomba vipimo. Sikumpa.

Sasa nirudi kwako, mama wa Jinja, na gari lako. Nunua godoro kwanza, ulipime, ujenge kitanda cha kawaida. Nimelisema na ninalirudia. Kati ya godoro na ubavu pasibaki nafasi ya kupitisha zaidi ya vidole viwili, na kila pembe ambayo paji la uso la mtoto linaweza kuifikia uiviringe kwa tupa. Uliza dukani rangi isiyo na madini ya risasi, kwa kuwa watoto hutafuna kingo. Magurudumu yawe miduara ya plaiwudi iliyofungwa kwa skrubu kutoka ndani, bila gundi, ili mtoto atakapochoka na magari uyafungue, upake rangi ubavu, na kitanda kiendelee kutumika.