Hutaki kolonoskopia? Njia nyingine zipo, ila zina masharti

Daktari aliponitajia kolonoskopia, swali langu la kwanza lilikuwa kama hakuna njia nyingine. Unywe dawa ya kuharisha mpaka utoe maji matupu, upewe dawa ya usingizi, halafu mpira wenye kamera upitishwe kwenye njia ya haja kubwa na uzungushwe utumbo mpana mzima! Mtu asiyeumwa popote hawezi kulikimbilia jambo kama hilo. Kumbe njia nyingine zipo, tena nzuri, na mimi natumia mojawapo mpaka leo. Ila zina masharti mawili ambayo wengi wetu tunayaruka.

Kwanza tujue kinachotafutwa. Saratani nyingi za utumbo mpana huanzia kwenye vijinyama vinavyoota ukutani mwa utumbo kwa ndani. Vingi havina neno. Vichache hukua polepole, mara nyingi kwa miaka 10 au zaidi, mpaka vigeuke saratani. Kolonoskopia ina sifa kwa sababu daktari akikiona kijinyama anakikata hapohapo, na akikuta utumbo safi anaweza kukuambia urudi baada ya miaka 10. Kipimo cha kinyesi, cha damu au cha picha kinakupa taarifa tu. Hakiondoi kitu.

Ninachotumia mimi kinaitwa FIT, kinachotafuta damu kwenye kinyesi hata ile ambayo macho hayaioni. Unapewa kichupa chenye maji kidogo, na kwenye kifuniko chake kuna kijiti chenye mifereji nchani. Unatandika karatasi au unaweka chombo kikavu chooni ili kinyesi kisiguse maji wala mkojo. Halafu unakikwaruza kwa kijiti sehemu kadhaa, mpaka ile mifereji ijae, basi. Usichote kama unachota ugali. Kinyesi kikizidi kipimo kinaharibika. Rudisha kijiti, funga mpaka usikie kimebana, andika tarehe, peleka mapema. Usikisahau kwenye gari juani, maana joto huvunja hemoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu, na damu iliyokuwemo inaweza isionekane. Mwanamke aliye kwenye siku zake asubiri zipite, na mwenye bawasiri inayotoa damu aseme kabla ya kupima.

Kulikuwa na kipimo cha zamani zaidi cha damu kwenye kinyesi, ambacho bado kinatumika sehemu nyingine. Hicho kinataka sampuli tatu, na kabla yake uache nyama nyekundu na vidonge vya vitamini C. FIT haina habari na chakula chako, kwa kuwa inatambua hemoglobini ya binadamu peke yake. Ukiwa na hiari, chagua FIT.

Sasa sharti la kwanza: kurudia. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2014, FIT moja ilinasa takriban asilimia 74 ya saratani. Maana yake karibu moja kati ya nne ilipita. Ndiyo sababu Marekani wanashauri ufanye kila mwaka, kuanzia miaka 45 hadi 75, na Uingereza, wanakotumia FIT kwenye mpango wa taifa tangu 2019, wanaituma kila baada ya miaka miwili. Ikirudiwa hivyo inafanya kazi. Utafiti wa Hispania uliochapishwa 2025 ulilinganisha watu walioalikwa kufanya FIT kila miaka miwili na walioalikwa kufanya kolonoskopia mara moja. Baada ya miaka 10, kundi la FIT halikuwa na vifo vingi zaidi vya saratani hii, na walioitikia mwaliko walikuwa wengi kuliko wa kolonoskopia. Lakini aliyefanya FIT mara moja, akapata majibu mazuri na kusahau, bado hajajikinga. Mimi nimeifunga na mwezi wangu wa kuzaliwa ili nisipate kisingizio.

Kuna pia kipimo cha kinyesi kinachotafuta DNA pamoja na damu. Cologuard ndicho kinachojulikana zaidi. Hurudiwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Katika utafiti uleule wa 2014 kilinasa asilimia 92 ya saratani, ila kinatisha watu bure mara nyingi zaidi ya FIT. Kama wewe ni mtu wa kukosa usingizi kwa majibu yasiyoeleweka, lifikirie hilo.

Picha ya CT ya utumbo, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, hufanywa kila miaka 5 na inaona vizuri vijinyama vya milimita 10 na kuendelea. Hakuna usingizi, lakini dawa ya kuharisha utainywa vilevile na utajazwa hewa tumboni. Kwa hiyo kama unachokimbia ni ile dawa, hujakimbia kitu. Sigmoidoskopia ni mpira mfupi unaoangalia upande wa kushoto tu. Wa kulia unabaki haujaonwa.

Halafu kuna kipimo cha damu, ambacho ndicho kila mtu ananiuliza siku hizi. Kimojawapo, kiitwacho Shield, kiliidhinishwa Marekani Julai 2024. Kinanasa takriban asilimia 83 ya saratani, lakini vile vijinyama vilivyo karibu kugeuka kinavipata asilimia 13 tu. Kwa maoni yangu, hiki ni cha mtu aliyekataa kabisa kila kingine. Tunapima ili tuwahi kabla ya saratani, na hapo ndipo kilipo dhaifu.

Sharti la pili ndilo gumu: majibu yakiwa chanya, unafanya kolonoskopia. Hakuna kuzunguka. Dada yangu alipopata FIT chanya alijiambia ni bawasiri tu, akataka arudie kipimo kwanza. Wengi hufanya hivyo, na ni hatari, kwa sababu vijinyama havitoi damu kila siku. Kipimo cha pili kikiwa hasi hakifuti cha kwanza. Tulibishana naye sana ndipo akaenda. Walimkuta na vijinyama viwili, vikakatwa, saratani hakuna. Wengi wenye FIT chanya hawana saratani, lakini kungoja kuna gharama: utafiti wa California wa 2017 ulionyesha kwamba waliochelewa miezi 10 na zaidi walikutwa na saratani, tena iliyosambaa, mara nyingi kuliko waliowahi.

Na haya yote ni kwa mtu asiye na dalili. Ukiona damu chooni, choo kimebadilika bila kueleweka, unakonda bila sababu au umeambiwa damu imepungua na chanzo hakijulikani, usijichagulie kipimo cha nyumbani. Nenda kwa daktari. Hali kadhalika kama mzazi au ndugu yako wa damu aliwahi kuugua saratani hii, kama una ugonjwa wa muda mrefu wa kuvimba utumbo, au kama ulishawahi kukatwa vijinyama. Kwa watu hawa kolonoskopia ndiyo kawaida, na mara nyingi huanza mapema kuliko miaka 45.

Kabla hujapokea kichupa, muulize anayekupa: majibu yakiwa chanya nitafanyiwa kolonoskopia wapi, foleni ni ya muda gani, na bima italipia kama sehemu ya uchunguzi au itanihesabu mgonjwa? Dada yangu aliyajua hayo majibu yakiwa tayari mkononi, na simu za kufuatilia zilimchosha kuliko ile dawa ya kuharisha. Hiyo nayo, kumbe, unaweza kuomba uigawe: nusu jioni, nusu alfajiri. Inanyweka kwa urahisi zaidi na utumbo unasafika vizuri.