Ugomvi wa Pai na Boza la Maji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nyumbani tuna tanki la duara la tofali, ndani limepigwa lipu. Juzi boza lilitukuta tukiwa hatuna hata tone, likajaza hadi kimo cha mita 2, dereva akadai lita 3,600. Kipenyo cha ndani nilikipima mwenyewe, ni mita 1.5. Kwa 22/7 nimepata lita 3,536. Shemeji katumia 3.14, kapata 3,532 na nusu, na anashikilia kwamba mimi sijui hesabu na boza limetupiga. Nani yuko sahihi?
Baba Nasra, Kimara

JIBU: Marahaba, Baba Nasra. Msalimie shemeji, umwambie lita 3 mnazogombania hazijazi hata kidumu cha lita 5. 22/7 inazidi pai kidogo, 3.14 inapungua kidogo, na ukweli uko katikati yenu: lita 3,534. Muachane na pai. Shida yenu iko kwenye futi ya kupimia.

Umepimaje hicho kipenyo? Kitovu cha tanki hakikuwekewa alama. Futi ikipita pembeni yake kidogo, unasoma pungufu, kamwe si zaidi. Ikilegea katikati na kubonyea, unasoma zaidi. Na ile ndoano ya mwanzoni ikiwa imelegea, kila kipimo chako kinahama. Kwa hiyo nakupa sentimita 1 ya kukosea, huku na huku, na hapo nimekuwa mkarimu. Kimo nacho nakipa sentimita 1.

Sasa angalia. Sentimita 1 kwenye kimo cha 200 ni nusu asilimia, lita 18 hivi. Sentimita 1 kwenye kipenyo cha 150 ni theluthi mbili za asilimia, lakini kanuni ya ujazo inazidisha kipenyo kwa kipenyo, hivyo kosa linaingia mara mbili: asilimia 1.3, lita 47. Futi ile ile, mkono ule ule, lakini upande mmoja unakugharimu zaidi ya ndoo mbili na mwingine haufiki ndoo moja. Wengi huhangaika na kimo kwa sababu maji wanayaona, kipenyo wanakikadiria.

Makosa yote mawili yakielekea upande mmoja, maji yako yako kati ya lita 3,470 na 3,599. Dereva kasema 3,600! Ni nadra yote mawili kwenda hadi mwisho kwa pamoja, kwa hiyo namshuku. Ila kwa vipimo hivi simwiti mwizi, na shemeji naye asimwite.

Pimeni upya, safari hii msipime kipenyo. Tanki likiwa tupu na mfuniko wazi, kijana aingie na waya wa kufungia nondo (kamba ya nailoni inavutika), auzungushe ukutani, aukate unapokutana, kisha muunyooshe chini na kuupima. Mtapata kama sentimita 471. Gawa kwa pai. Hapo ukikosea sentimita 1, kwenye kipenyo ni milimita 3 tu, na zile lita 47 zinashuka hadi 15. Msizungushe kwa nje: mtalazimika kutoa unene wa tofali na lipu pande zote mbili, na huo hakuna anayeujua vizuri, hata fundi aliyejenga. Tanki lisilo duara kamili litawapa jibu lililozidi kidogo, lakini kwa kazi ya fundi wa kawaida si la kukosesha usingizi.

Jambo la mwisho, maana najua mtaanza kununua kidogo kidogo. Kwenye tanki lenu sentimita 1 ya kina ni karibu lita 18. Mkiongeza lita 500 juu ya maji yaliyokuwemo, kina kinapanda sentimita 28 tu, na hizo mmezipata kwa kutoa kipimo cha kabla kwenye kipimo cha baada, kila kimoja na kosa lake. Yakijumlika ni sentimita 2, yaani lita 35 katika 500, asilimia 7. Kwa mzigo mdogo hivyo msipime kina. Mwambieni wa boza ajaze madumu ya lita 20, nanyi mhesabu.