ULIZA FUNDI: Mabehewa ya Mlango Mmoja yanaenda vitani

Mwangaluka wasomaji. Toleo lililopita niliweka picha ya behewa langu dogo la treni nililoligeuza kuwa la majeruhi wa vita, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja kutoka Igoma, Musoma, Ukerewe mpaka Bukoba, sikujua kama kando ya ziwa hili kuna watu wengi wanaocheza na vitreni kama mimi, wake zenu wanavumilia kweli. Wale wa friji na majiko nisameheni, mtasubiri toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Igoma hapahapa Mwanza. Nilinunua boksi la matoi ya mtumba pale soko la Mlango Mmoja, ndani nikakuta mabehewa manne ya treni na kichwa kimoja, ya Kiingereza, kichwa kinatembea vizuri tu. Reli zake nimepima upana ni milimita 16.5. Mabehewa mawili yana vimilango vingi ubavuni, moja ni nusu abiria nusu mizigo, na moja halina madirisha mengi ila lina milango mipana ya kufunguka pande mbili. Nataka nitengeneze treni ya jeshi la Mjerumani ikiingia stesheni ya Mwanza mwaka 1914, iwe na askari na majeruhi. Nianze na rangi gani? Kijana wako wa Igoma.

JIBU: Marahaba mwanangu. Rangi iweke pembeni kwanza maana una tatizo kubwa kuliko rangi. Hakuna treni ya Mjerumani iliyowahi kuingia Mwanza mwaka 1914, reli yenyewe ilikuwa haijafika huku! Mjerumani alianza kujenga reli ya kati kutokea Dar es Salaam mwaka 1905, Tabora akafika 1912, Kigoma mwanzoni mwa 1914, na Agosti mwaka huohuo vita ikaanza. Hii ya kutoka Tabora kuja kwetu aliijenga Mwingereza na ikafika Mwanza 1928, vita imeshaisha miaka 10. Hata Mwingereza mwenyewe alipoichukua Mwanza Julai 1916 alikuja na meli kwa ziwani. Kwahiyo ukitaka Mwanza ya vita ya kwanza tengeneza meli, na wapagazi, wapagazi wengi sana, maana vita ile huku kwetu ilibebwa kichwani, na ndo jina Kariakoo lilipotoka, kwenye kambi ya hao wabeba mizigo wa jeshi la Mwingereza.

Alafu kuna mambo ya vipimo. Matoi ya Kiingereza ya reli ya 16.5 kwa kawaida yametengenezwa kwa skeli ya moja kwa 76, yaani milimita 4 kwa kila futi moja ya behewa la kweli. Reli yetu ya kati ni ya mita moja kamili. Mita moja kwenye skeli hiyo ni kama milimita 13, sasa wewe yako ni 16.5, haikai. Ungetaka reli hiyohiyo iwe ya mita moja ingebidi ushuke kwenye skeli ya moja kwa 60 na utengeneze maboksi yote ya mabehewa upya, watu wanafanya na inapendeza, ila hiyo ni kazi ya mwaka sio ya wikiendi. Ushauri wangu, mabehewa ni ya Mwingereza basi muachie Mwingereza vita yake, na kwa bahati yako ulivyonavyo vinatosha kabisa treni ya vita ya pili.

Sasa nikwambie kitu ambacho wengi wanakosea, hata mimi nilikosea. Mtu akisikia treni ya jeshi anakimbilia kopo la rangi ya kijani anapiga kuanzia kichwa mpaka behewa la mwisho, inatoka kama mamba. Treni ya kubeba askari ilikuwa mara nyingi treni ya kawaida tu, behewa lilelile lililompeleka mtu harusini juzi leo linapeleka wanajeshi. Mwaka 1940 askari zaidi ya 300,000 waliokolewa kule Dunkirk, pwani ya Ufaransa, wakashushwa bandari za kusini mwa Uingereza, na reli zikakusanya mabehewa popote yalipopatikana, ya kampuni hii yaliyo mekundu ya damu ya mzee, ya ile yenye kahawia na krimu, na ya kijani ya watu wa kusini, yakachanganywa. Kwahiyo yale mawili yako ya vimilango vingi USIYAPAKE, narudia usiyapake, hata kama rangi zake hazifanani, ndo vizuri zaidi. Yachafue tu. Vumbi la mkaa unalisaga laini unapaka kwa brashi kavu, kwenye paa liwe zito maana kichwa ni cha moshi, huku chini kwenye magurudumu changanya na vumbi jekundu kidogo liwe kama kutu. Vita hakuna mtu wa kuosha mabehewa. Ndani weka askari wamebanana na mizigo yao, mmoja achungulie dirishani, inatosha, mtu ataelewa hiyo ni treni ya nini.

Behewa la kubadilisha kweli ni lile la milango mipana. Hilo mwanangu ni la mizigo na gadi, yaani msimamizi wa treni, na ndo aina waliyopenda kuigeuza kuwa wodi za majeruhi vita ya pili, na sababu iko mlangoni. Jaribu kuingiza machela kwenye behewa la vyumbavyumba uone, mlango ni wa kupita mtu mmoja na ndani kuna kuta, mgonjwa utamkunja? La mizigo mlango ni mpana na ndani ni peupe mwanzo mpaka mwisho, unafunga vitanda tu.

Fungua paa taratibu, mengi yamekamatwa na vilimi vya plastiki pembeni, usitumie nguvu. Pima urefu. Likiwa limetengenezwa kwa kufuata behewa la futi 57 utapata milimita 228. Vitanda vilikaa vya ghorofa tatu pande zote mbili na njia katikati, wodi moja ya treni za vita ya kwanza ilikuwa na vitanda 36, yaani nguzo 6 kila upande kila nguzo vitanda 3. Kitanda cha mtu ukikipunguza kinakuwa kama milimita 25 urefu na 8 upana. Piga hesabu, 25 mara 6 ni 150, ndani ya 228 zinakaa na nafasi ya mlango katikati inabaki. Mi nilikata vitanda kwenye boksi la maziwa, nguzo nikatumia stiki za kusafishia meno, shuka ni tishu nimelowesha kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Usijaze wagonjwa vitanda vyote, acha viwili vitatu shuka limevurugwa mtu hayupo, yaani utaona mwenyewe inavyokaa.

Hilo ndo la kupaka sasa. Kijani cha jeshi au khaki iliyofifia, isiwe ya kung'aa, alafu msalaba mwekundu kwenye duara au mraba mweupe ubavuni, na juu ya paa pia, hiyo ya paa watu wanasahau wakati ndo muhimu, adui wa vita ya pili anatokea angani. Msalaba usiuchore kwa mkono, nenda duka lolote la steshenari wakuprintie kwenye karatasi ya stika, nunua na tepu ya karatasi hapohapo ya kuzibia madirisha.

Kutoa rangi ya zamani tumia spiriti ya hospitali na mswaki uliozeeka, jaribu kwanza sehemu ya chini isiyoonekana. Usije ukatumia dawa ya kutolea rangi ya kucha! Ile ina asetoni, inakula plastiki. Behewa langu la kwanza kabisa nililipaka hiyo dawa ya mke wangu, nikaenda kunywa chai, narudi ubavu umelegea kama mshumaa. Mke akanidai na dawa yake juu.

Lile la nusu abiria nusu mizigo liwe la madaktari na jiko, pande za madirisha weka pazia nyeupe, usihangaike nalo sana. Treni za majeruhi za kweli zilikuwa ndefu, zile za vita ya kwanza zilizopelekwa Ufaransa zinafika mabehewa 16 hivi, na wodi, jiko, famasi na pa kulala wauguzi, ila kwenye meza ya sebuleni mawili yanatosha. Cha msingi usiyachanganye na yale mawili ya askari kwenye treni moja. Ni treni mbili, na kichwa kimoja utakibadilisha. Kwanini, soma jibu linalofuata.

Na jambo la mwisho kwako wewe unayekaa huku kwetu, angalia hali ya hewa kabla ya kupuliza rangi. Vile vidudu vya ziwani vikija kama moshi na wewe una behewa bichi nje, umekwisha. Nina paa moja limejaa vidudu mpaka leo, nikiulizwa nasema ni misumari.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina behewa la msalaba mwekundu nimelimaliza na nina behewa la wazi la mizinga miwili. Nikiunganisha la mzinga mbele kuwalinda wagonjwa inafaa? Mvuvi, Musoma.

JIBU: Salama kaka. Haifai, tena haifai kabisa. Treni yenye msalaba mwekundu inalindwa na mikataba ya Geneva kwa sharti la kutofanya kazi ya vita, ukiweka mzinga na shehena ya risasi umeharibu huo ulinzi. Ulinzi wake ni ule msalaba wenyewe. Ndo maana nimemwambia kijana wa Igoma asichanganye.

Ila hilo la mizinga usilitupe, lina treni yake. Mwaka 1940 Mwingereza alikuwa anaogopa kuvamiwa baharini, akatengeneza treni 12 za deraya harakaharaka. Walichukua mabehewa ya chuma ya kubebea makaa ya mawe, ya tani 20, wakaongeza mabamba ya chuma na zege, wakaweka mzinga wa ratili 6 kila mwisho wa treni, mbele na nyuma, katikati kichwa kidogo cha zamani kimevalishwa chuma, na kati ya kichwa na mizinga mabehewa ya wazi ya ubavu mfupi ya kuwekea risasi. Baadae wanajeshi wa Poland ndo walikuwa wanaziendesha. Umeona? Behewa la makaa! Nalo ni kitu cha kawaida kilichopewa kazi nyingine. Kwahiyo tafuta toi la behewa la makaa, ongeza ubavu kwa kadibodi nene, pakaza praima, na nati ndogondogo unazitoboa kwa sindano kwa nyuma ya karatasi ya foili zinatokeza mbele kama ribiti. Hata ile reli ndogo ya watalii ya Romney kule pwani ya Kent, yenye upana wa inchi 15 tu, ilikuwa na treni yake ya deraya kipindi hicho, kwahiyo asikucheke mtu kwamba yako ni ndogo.

Ukitaka neti ya kuficha mizinga tumia chandarua kilichochanika, chovya kwenye chai ya rangi iliyokolea kikauke. Neti ya dagaa matundu yake ni makubwa mno kwa skeli hii. Ila chandarua kazia nacho nyumbani bwana, ukionekana nacho ufukweni watu wa uvuvi hawataelewa habari za treni.

SWALI: Mwalimu, nimebandika vioo vya plastiki kwa supa gluu vikaingia ukungu mweupe, nifanyeje? Pia nataka taa za ndani za wakati wa vita. Ukerewe.

JIBU: Ukungu ule ni mvuke wa supa gluu, hautoki kirahisi. Bandua, kata vioo vipya kwenye boksi la keki lile la plastiki, bandika kwa gundi nyeupe ya mbao, inakauka bila rangi. Au acha huohuo ukungu useme ni kiza cha vita! Natania, lakini sio sana, maana Uingereza kuanzia Septemba 1939 taa za usiku zilifichwa ndege zisione, mapazia yakashushwa na ndani zikawaka taa hafifu za bluu. Kwahiyo taa yako iwe moja tu hafifu, LED ndogo ya bluu na betri ya kitufe ya volti 3, hata umeme ukikatika inawaka. Ukitaka umeme wa reli wa volti 12 lazima uweke rezista ya kilo-omu 1 na diodi nne za kugeuza, la sivyo treni ikirudi nyuma taa inazima na inaweza kuungua.

SWALI: Askari wa plastiki wa 1:72 wanakaa kwenye mabehewa ya 1:76? Kijana, Bukoba.

JIBU: Wanakaa. Mtu wa mita 1.75 kwa yako ana milimita 24, kwa mabehewa ana 23. Wakigoma kukaa kwenye siti wakate miguu kwenye magoti, dirishani haionekani.