Miaka tisa bila mkwaruzo, mbona bima haishuki?

Barua za wiki hii karibu zote ni za bima ya gari, na nyingi zimetoka Nakuru, Kisumu na kaunti za Magharibi. Nimejibu zile ambazo jibu lake litawafaa wengi.

Mimi ni mwalimu Njoro. Nina Fielder, naendesha kila siku hadi Nakuru mjini. Miaka 9 sijagonga wala kugongwa, lakini ada ya komprehensivu (bima kubwa inayolipia hata gari langu) haijashuka. Je, nadanganywa? (Mwalimu, Njoro)

Mwalimu, huenda hudanganywi. Huenda kampuni haikujui tu. Hapa kwetu Kenya, kwa kawaida kampuni ya bima haina daftari la namna unavyoshika usukani. Haijui kama unapunguza mwendo ukikaribia shule, au kama unaovateki kwenye kona ya Salgaa. Inachojua ni klemu: umedai fidia au hujadai. Usipodai mwaka mzima, unastahili punguzo la kutodai, ambalo mawakala huliita NCD. Mara nyingi huanza kwa asilimia 10 baada ya mwaka wa kwanza, likapanda kila mwaka usiodai, na kampuni nyingi hukomea 40 au 50. Kila kampuni ina ngazi yake, na haikatazwi kukunyima hiyo ngazi ikiwa haikuandikwa kwenye mkataba wako.

Sasa nikuulize: ndani ya miaka hiyo umehama kampuni mara ngapi? Mtu akiambiwa kuna mahali pa bei nafuu, huhama na kuacha historia yake nyuma. Kule anakoingia anahesabiwa kama mgeni. Kabla ya kuhama, iandikie kampuni ya zamani uombe barua inayotaja namba ya mkataba wako wa bima, tarehe za kuanza na kuisha, na kwamba hukudai. Barua hiyo moja ina nguvu kuliko hadithi yote utakayompa wakala.

Kuna jambo jingine linalofichika. Siku hizi wakala anaweza kukutajia kiwango kimoja tu cha mkupuo, ukiuliza punguzo anasema "limo ndani". Mwambie akuandikie mistari miwili, ada kabla ya punguzo na ada baada ya punguzo. Akikataa, tafuta wakala mwingine. Kamisheni yake hutoka kwenye ada unayolipa, kwa hiyo hana haraka ya kuishusha. Tazama pia thamani iliyoandikwa. Gari likizeeka thamani hushuka, na ukiendelea kulikatia bima kwa bei uliyonunulia unalipa ada ya pesa ambazo hutalipwa hata likiteketea, kwa sababu fidia hufuata bei ya soko. Omba lithaminiwe upya.

Na kama una thadi pati, yaani bima ndogo ya kulipia wengine tu, Mwalimu, sahau NCD. Ile huuzwa kwa bei moja kwa wote, na kwa kawaida haimtofautishi dereva mwangalifu na mwenzake.

Bodaboda alinigonga bampa pale Kondele akatoweka. Fundi anataka 28,000. Nidai? (Mama wa duka, Kisumu)

Dada, tupige hesabu kwanza. Tuseme gari lako lina thamani ya milioni 1 na ada yako ni asilimia 5 ya thamani hiyo. Ada ni 50,000. Tuseme umefikia punguzo la asilimia 40, unalipa 30,000. Juu yake kuna ushuru wa mafunzo wa asilimia 0.2, mchango wa mfuko wa kulinda wenye bima wa asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40, jumla 30,175.

Angalia sasa ekses, yaani sehemu unayojilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote. Ikiwa ni asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ni 25,000. Kwenye 28,000 za fundi kampuni itakupa 3,000. Mwaka ujao, ukinyang'anywa punguzo lote, utalipa 50,000 badala ya 30,000. Umepokea 3,000 na kupoteza 20,000, na kuipanda ngazi upya kunachukua miaka. Mimi ningemlipa fundi.

Utasema, lakini sikukosea mimi! Ni kweli, na inaudhi. Hata hivyo punguzo hupotea kwa kudai, si kwa kukosea, isipokuwa kampuni yako ifaulu kuirudisha pesa yake kutoka kwa aliyekugonga. Huyo wako alitoweka. Hata angesimama, sheria ya bima ya magari, Sura 405, inamlazimisha mwenye pikipiki kuwa na bima ya kifo na majeraha ya watu tu. Bampa lako si sehemu ya lazima hiyo, ingawa mikataba mingi ya bima huongeza uharibifu wa mali. Ndiyo maana mwenye boda mara nyingi humaliza mambo hapo hapo kwa simu na M-Pesa.

Kutodai si kunyamaza. Piga ripoti polisi ndani ya saa 24, upate abstrakti, yaani hati yao ya ajali, kisha uiambie kampuni kwa maandishi kwamba ajali imetokea ila hudai gharama za gari lako. Kama kuna mtu aliyeumia hata kidogo, hapo hakuna hesabu ya kupiga: ripoti mara moja. Mtu anayeinuka na kusema yuko sawa anaweza kurudi na wakili baada ya miezi, na kampuni isiyoarifiwa itapata kisingizio cha kukuachia mzigo. Kiwango ambacho sheria inaibana kampuni kumlipa mtu mmoja aliyeumia ni milioni 3. Kinachozidi ni chako.

Kioo cha mbele ni habari tofauti. Jiwe la lori likikipasua, mikataba mingi ina kikomo chake maalum na huenda punguzo lako lisiguswe. Soma ukurasa huo kabla hujatoa pesa mfukoni.

Shemeji yangu yuko California. Anasema akishikwa na mwendo kasi bima yake inapanda. Nilipigwa faini ya mwendo kasi, je, yangu itapanda? (Kijana, Kakamega)

Shemeji yako anasema kweli. Kule kampuni huvuta rekodi ya dereva kutoka idara ya magari, na California ilipitisha mwaka 1988 sheria iitwayo Proposition 103, inayotaka rekodi ya usalama barabarani iwe kigezo cha kwanza cha ada na inampa dereva mzuri punguzo lisilopungua asilimia 20. Uingereza nako alama za makosa huandikwa kwenye rekodi ya dereva, na kampuni huuliza.

Kwako faini haisafiri yenyewe hadi kwa bima. Lakini fomu ya kuombea bima huuliza kama umewahi kushtakiwa kwa kosa la barabarani. Jibu ukweli. Ukiandika "hapana" ili kuokoa elfu chache, siku ya klemu kubwa ndipo watakapoichimba fomu hiyo. Mbaya zaidi ni kugonga ukiwa umelewa, au leseni imeisha: hapo punguzo si swali tena, gari lenyewe huenda usilipwe.

Nikiweka traka (kifaa cha kufuatilia gari) na dashkamu (kamera ya dashibodi) nitapunguziwa? (Mfanyabiashara, Pipeline, Nakuru)

Uliza kabla ya kununua, upewe jibu kwa barua pepe. Traka hupendwa na kampuni kwa sababu ya wizi, na kwa magari yanayoibwa sana baadhi huifanya sharti, bila kupunguza kitu. Dashkamu ninaipenda kuliko traka. Ikiwa lori lilikuingilia upande wako pale Sachangwan, picha zitamaliza mabishano, na kampuni yako itakuwa na silaha ya kudai kutoka kwa kampuni ya lori. Huko ndiko punguzo lako linakookolewa.

Nikiuza gari, punguzo linaenda na nani? (Baba wa watoto watatu, Mbale)

Ni lako, mzee, si la gari. Anayelinunua haanzi pale ulipofika. Ukinunua jingine, peleka barua yako, ila usikae muda mrefu katikati bila bima.

Mwanangu amepata leseni juzi. Nimruhusu aendeshe gari langu lenye NCD ya asilimia 50? (Mama, Bungoma)

Mama, mruhusu, ila kwanza mjulishe wakala. Mikataba mingi ina ekses ya ziada kwa dereva aliye chini ya umri fulani, mara nyingi miaka 25, au mwenye leseni changa, na huongezwa juu ya ile ya kawaida. Akigonga yeye, punguzo linalopotea ni lako. Wengine humkatia kijana gari dogo lenye thadi pati kwa mwaka mmoja au miwili. Si ujanja mbaya, kama uwezo upo.

Nina matatu mbili za laini ya Kisumu–Busia. Madereva wangu ni waangalifu, lakini kila mwezi bei ni ile ile. (Mwenye gari, Kisumu)

Bima ya matatu nyingi hununuliwa kwa mwezi, na kwa mwezi mmoja kampuni haiwezi kukujua. Peke yako hutasikika. Sacco yenu ikiweka daftari la kila gari, ajali, tarehe, klemu na kiasi kilicholipwa kwa miaka mitatu, inaweza kukaa mezani na kampuni na kuulizia bei ya kundi. Leteni pia rekodi za spidi gavana (kidhibiti mwendo) zinazoonyesha gari halivuki kilomita 80 kwa saa. Tatizo ni mwenzenu anayevuruga: matatu moja inayogonga kila baada ya miezi miwili itawapandishia wote, kwa hiyo kabla ya kwenda kwa bima, amueni ndani ya sacco mtamfanya nini.