Nkungwe si ufukweni: kwa vijana wanaoanza kazi Mahale

Wadogo zangu, juzi nimewaona tena mkifunga mizigo. Fulana moja mwilini, sweta limebaki kambini, eti "jua kali, kaka". Jua la wapi? Hapo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mko mita 773 tu kutoka usawa wa bahari. Nkungwe, kilele kirefu kuliko vyote vya milima ya Mahale, ina mita 2,462. Nimeshalisema hili mpaka koo limekauka, na nitalisema tena kwa sababu nataka mrudi wote.

1. Joto la ziwani liacheni ziwani. Kila mkipanda mita 1,000 hewa hupoa kama nyuzi 6. Usiku wa nyuzi 20 ufukweni, kileleni ni nyuzi 10, tena kuna upepo.

Hesabu hiyo niliijua siku niliyokosea. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, mvua za kwanza. Nilikuwa na wapagazi wanne, mmoja mgeni kabisa. Tulimaliza msitu, tukapita mianzi, mvua ikatukuta tukiingia kwenye nyasi za juu. Yule kijana mgeni akalowa chepechepe. Nilimwona, nikanyamaza, maana nilitaka tufike kabla ya giza. Tulipofika akakaa juu ya mzigo anatetemeka. Nikamwita aje afunge turubai. Akajibu kwa ulimi mzito kama aliyelewa, nikamkaripia mbele ya wenzake, nikamwita mvivu. Vidole vyake vilishindwa hata kushika kamba. Baadaye akaacha kutetemeka, nami nikaona kapata nafuu. Mpagazi mmoja, mzee wa Kitongwe, kabila la wenyeji wa hapa, akamshika mikono, akanigeukia: "Huyu anatutoka." Tukamvua nguo zote, tukamlaza katikati yetu ndani ya blanketi mbili. Alipoweza kumeza tukampa chai ya sukari, kijiko kwa kijiko. Karibu na alfajiri akauliza kama ugali umebaki. Nilimwomba radhi papo hapo, mbele ya walewale waliosikia nikimtukana.

Mwenzenu akitetemeka, mbadilishieni nguo hapohapo njiani. Akiacha kutetemeka huku bado kalowa na maneno hayaeleweki, hiyo ni hatari, si nafuu.

2. Shati kavu na sweta vikae kwenye mfuko usioingiza maji, usifunguliwe mpaka kambi ya juu, isipokuwa mtu ameanza kutetemeka njiani.

3. Ondokeni alfajiri. Upepo wa ziwa ukigonga mlima hupanda, unyevu wake ukapoa ukawa wingu, ndiyo maana magharibi kuna msitu mnene na mashariki miombo mikavu. Ziwa likiwa halina wingu asubuhi, msidhani na kilele hakitakuwa na wingu mchana.

4. Jazeni madumu kwenye kijito cha mwisho, hasa kiangazi. Huko juu msitegemee kukuta maji.

5. Askari wa hifadhi akisema turudi, geukeni. Na mkifika juu semeni taratibu, kwa Watongwe mlima ule una heshima yake.

Asiye na sweta aje kwangu kabla ya safari. Nina mawili ya ziada kwenye ndoo yenye mfuniko. Nayataka yakirudi, makavu.